Utelezi

Miaka kumi na mmoja niliingia tumboni mwa mabomba,
kiwanda cha sukari, upande wa Mumias,
brashi ya waya mkononi, taa kipajini,
na nilichokikuta humo hakikuwa kutu.
Ulikuwa utelezi, mweupe, mzito,
kama mrenda uliolala sufuriani usiku kucha:
ukiuvuta unanyooka,
ukiuachia unarudi kwao.

Osundwa, msimamizi wetu, alikuwa na ndevu za rangi mbili
na sentensi moja:
"Maji moto yanaua walio nje. Walio ndani wanaoga tu."

Kisha pikipiki. Kisha trela la miwa pale Shianda, bila taa.
Kisha chuma cha skrubu nane
juu ya muundi wangu wa kushoto.

Kidonda kilifunga. Kikafunguka.
Nikapewa vidonge vya njano, siku kumi na nne,
kikafunga, nikapanda mahindi.
Mahindi yalipofika magotini kikafunguka tena,
tundu dogo, jicho la kuku,
likitoa chozi lisilo la huzuni.
Sindano. Kikafunga.
Palizi ya pili, kikafunguka.
Shemeji akaanza kutaja majirani kwa majina.
Mke wangu hakutaja mtu, alihesabu:
mbuzi wawili, cherehani,
robo ekari kwa misimu mitatu.

Kakamega, maabara ya nyuma, karibu na jenereta,
Doricas Andeso alinisogezea kigoda
nikachungulia kwa jicho moja.
Vilikuwa vidoa vya zambarau,
vimeshikana kama zambarau zenyewe kwenye kikonyo,
na kuvizunguka, ukungu,
kitu kisichotaka kuonekana.

"Mmoja mmoja ni wepesi kuua," akasema.
"Lakini wakipata pa kuegemea,
chuma, jino, mpira wa mkojo, vali ya moyo,
wanatema gundi, wanajenga.
Wanapashana habari, sisi hatusikii.
Na wako wanaolala humo chini, hawali, hawazai.
Dawa zetu nyingi humuua anayefanya kazi.
Aliyelala zinampita."

Nikacheka. Akadhani ni homa, akanigusa shingo.

Shuleni kwetu ukutani palichorwa UMOJA NI NGUVU,
herufi za buluu, urefu wa mtoto wa darasa la pili.
Hawakuandika umoja wa nani.

Daktari wa mifupa alikuwa ameshashika kalamu
kuandika vidonge vya mara ya tano.
Nikamwambia: Daktari, hayo ni maji moto.
Nani ataingia na brashi?

Kalamu ikasimama.
Akauliza nilifanya kazi gani.

Wakanidunga ganzi ya mgongo, kiuno kikawa cha mtu mwingine,
pazia la kijani likanikata vipande viwili.
Sikuona kitu. Nilisikia.
Kwaru. Kwaru. Kwaru.
Nikajua yule mkono umefika kwenye kona,
nikajua unateleza, nikataka kumwambia
abadilishe pembe, asugue kutoka chini.
Akabadilisha.

Chuma walinionyesha kwenye bakuli.
Kilimeta. Ungeweza kukitumia kama kijiko.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku ya nne Andeso alikuja hadi kitandani,
hana kawaida ya kuja wodini:
alikikwangua, akapanda alichokwangua,
na sahani nzima ikaota.

Mguu sasa ni mfupi kwa upana wa vidole viwili.
Fundi wa viatu wa Butere ameninyanyulia soli,
nalipa kidogo kidogo, kwa mayai.
Tundu limefunga. Mahindi yamepita magoti,
yamepita kiuno, yametoa ndevu,
na bado kila jioni nalipapasa kovu
kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango alioufunga mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya chai,
ulimi wangu unapita nyuma ya meno
unakuta ukoga. Wamekesha. Wamejenga.
Siwachukii.
Nachukua mswaki,
naingia kazini.